Kuufungua Mti kwa Mvuke: Hatua ya Kwanza ya Kupata Fueli Kutokana na Mbao

Mhogo na gogo la mkaratusi ni vitu viwili ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvitia katika kapu moja. Kimoja ni chakula, na cha pili ni kuni. Lakini mwanakemia akivichunguza huona kwamba, kwa sehemu kubwa, vyote viwili vimejengwa kwa tofali la aina moja. Tofali hilo ni glukosi, sukari ile ile inayozunguka katika damu ya binadamu. Katika mhogo molekuli za glukosi zimeungana zikafanya wanga. Katika mti zimeungana zikafanya selulosi. Tofauti iko katika namna ya kuungana. Wanga ni mnyororo uliojikunja na kulegea, ambao maji moto na kimea huweza kuufungua kwa muda mfupi, na ndiyo maana tangu kale wazee wetu walijua kutengeneza pombe ya nafaka na ya mihogo. Selulosi ni mnyororo ulionyooka, uliolazwa sambamba na minyororo mingine na kukazwa nayo kama vijiti katika mzigo wa kuni. Hakuna bibi aliyepata kupika pombe ya kuni.

Hata hivyo, jambo hilo linawezekana, na kwa zaidi ya miaka mia mbili wataalamu wamekuwa wakilishughulikia. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Alkoholi inaweza kuendesha magari kwa kuchanganywa na petroli, lakini ikitengenezwa kwa mahindi, mihogo au miwa, mashine hushindana na chungu cha mwananchi. Unga wa mbao, vibanzi na matawi havishindanii chungu cha mtu yeyote. Ugumu hauko katika kuchachusha wala katika kukeneka, kwani kazi hizo zinajulikana siku nyingi. Ugumu uko mwanzoni kabisa, katika kuufungua mti ili sukari yake ipatikane. Makala hii inakusudia kueleza njia moja ya kufanya hivyo, yaani njia ya mvuke, na kuonyesha kwa nini njia inayohitaji maji na moto tu imekuwa ngumu kuifanikisha kiwandani.

Ukuta wenye vitu vitatu

Mnamo mwaka 1838 mwanakemia wa Ufaransa, Anselme Payen, alitenga kutoka katika mimea mbalimbali kitu kimoja ambacho baadaye kilipewa jina la selulosi. Tangu hapo imefahamika kwamba ukuta wa seli ya mti umejengwa hasa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni hiyo selulosi, ambayo kwa kawaida huwa sehemu 40 hadi 45 katika 100 za mti mkavu. Cha pili ni hemiselulosi, mnyororo mfupi wenye matawi, uliofanywa kwa sukari za aina kadhaa, na huwa sehemu 20 hadi 35. Cha tatu ni lignini, ambayo si sukari hata kidogo. Hiyo ni gundi ngumu yenye rangi ya kahawia, na huwa kati ya sehemu 18 na 33 kufuatana na aina ya mti.

Msomaji aliyewahi kuona jengo la ghorofa likijengwa atauelewa mpango huu mara moja. Selulosi ni nondo. Lignini ni zege linalomwagwa kuzizunguka. Hemiselulosi ni waya mwembamba wa kufungia unaoshikamanisha nondo na kuziunganisha na zege. Mti husimama miaka mingi katika upepo na mvua kwa sababu ya ujenzi huo, na kwa sababu hiyo hiyo haukubali kugeuzwa kuwa sukari kwa urahisi.

Wafanyakazi wanaoweza kuikata selulosi kuwa glukosi wapo. Ni protini ziitwazo vimeng'enya, zinazotengenezwa na kuvu na bakteria. Aina mashuhuri ya kuvu wanaofanya kazi hiyo ilipatikana wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani kuozeana katika visiwa vya Solomon. Kuvu huyo alichunguzwa kwa miaka mingi na Elwyn Reese, Mary Mandels na wenzao, na mwaka 1977 akapewa jina la Trichoderma reesei kwa heshima ya Reese. Viwanda vingi vinavyouza vimeng'enya vya selulosi leo hutumia uzao wa kuvu huyo.

Lakini pamba na mbao si kitu kimoja. Pamba ni karibu selulosi tupu, ilhali katika mbao selulosi imefichwa ndani ya zege. Kimeng'enya kimoja kina upana wa kama sehemu milioni 5 za milimita, yaani milimita moja ikigawanywa mara milioni moja, basi vipande vitano vyake. Vinyweleo vingi vilivyomo katika ukuta wa seli ya mti ni vyembamba kuliko hapo. Tukimwaga vimeng'enya juu ya unga wa mbao mbichi, kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya tano ya selulosi itakayogeuka kuwa sukari. Vimeng'enya vimefika, kazi ipo, lakini mlango umefungwa.

Wenyeji wa pwani wanaijua shida ya aina hii kwa njia yao. Mtu hawezi kusokota kamba kutokana na kumbi la nazi vivi hivi. Kwanza makumbi hufukiwa katika matope ya ufukweni kwa miezi kadhaa, ambamo vijidudu vya majini hula vitu vinavyozigandisha nyuzi. Kisha hufukuliwa, yakapondwa, na hapo ndipo usumba hupatikana. Kufukia makumbi ni kuyatayarisha. Mti nao unahitaji matayarisho kabla ya vimeng'enya kuufikia, ila kiwanda hakiwezi kungoja miezi. Kinahitaji kazi hiyo ifanyike kwa dakika.

Njia ya asidi

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa asidi. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot alionyesha kwamba matambara ya kitani yakitiwa katika asidi kali ya salfa, kisha yakachemshwa pamoja na maji, hutoa sukari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza viwanda vilivyotumia asidi hafifu kutengeneza alkoholi kutokana na masalio ya mbao vilijengwa Marekani, lakini baada ya vita havikudumu.

Asidi ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, hula vyombo vya chuma, kwa hiyo mitambo yake huwa ya gharama, na mwisho wa kazi asidi yenyewe hapana budi iondolewe au izimuliwe kwa chokaa. Pili, asidi haina subira. Hukata mnyororo wa selulosi na kutoa sukari, halafu huendelea kuishambulia sukari ile ile iliyokwisha kuitoa. Anayetumia asidi peke yake hupata sukari kidogo kuliko ile iliyokuwamo katika mti.

Bunduki ya Mason

Njia ya mvuke ilianza kwa kusudi lingine kabisa. Katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi nchini Marekani, mhandisi William H. Mason, aliyepata kufanya kazi na mvumbuzi Thomas Edison, alisikitishwa na wingi wa mbao zilizotupwa na viwanda vya kupasulia magogo. Mwaka 1924 alibuni mtambo ambao watu waliuita bunduki. Vibanzi vilijazwa katika chombo kizito cha chuma, mvuke mkali ukaingizwa, na baada ya muda mfupi mlango wa chini ukafunguliwa ghafla. Vibanzi vilitoka kwa kishindo vikiwa vimechambuka kuwa nyuzi. Mason alizigandamiza nyuzi hizo kwa joto, akapata ubao mwembamba mgumu, hadibodi tunayoijua katika migongo ya makabati. Jambo la kushangaza ni kwamba haikuhitajika gundi ya kuongezwa. Lignini ya mti wenyewe, ikiisha kulainishwa na mvuke, ilizishikamanisha nyuzi upya.

Mason alitaka ubao, hakutaka sukari. Lakini baada ya bei ya mafuta ya petroli kupanda ghafla mwaka 1973, watafiti wa Kanada, Ufaransa, Sweden na Marekani waliirudia bunduki ile wakiwa na swali jipya: ikiwa mvuke unaweza kuuchambua mti kiasi hicho, je, vimeng'enya havitapata njia?

Yanayotokea ndani ya chombo

Tuufuate mvuke hatua kwa hatua. Vibanzi vyenye ukubwa wa kidole gumba vinatiwa katika chombo, mlango unafungwa, na mvuke wenye joto la nyuzi 200 za Sentigredi unaingizwa. Katika joto hilo kanieneo, yaani nguvu ya mvuke inayosukuma kuta za chombo, ni kubwa zaidi ya mara 15 kuliko ile ya hewa tunayovuta. Kwa kulinganisha, ni karibu mara 7 ya upepo uliojazwa katika gurudumu la gari dogo. Mvuke hupenya katika vinyweleo vya kibanzi, hukutana na mbao baridi, na kugeuka kuwa maji. Unapogeuka maji huacha joto lake lote palepale. Kwa hiyo kibanzi hupata moto upesi hadi ndani, na pia hupata maji yanayohitajika kwa kazi ya kemia itakayofuata.

Kazi hiyo mti huianza wenyewe. Katika minyororo ya hemiselulosi vimening'inia vipande vidogo ambavyo, vikikatwa na maji ya moto, hugeuka kuwa asidi ya siki, ile ile iliyomo katika siki ya jikoni. Asidi hiyo huanza kuikata hemiselulosi yenyewe. Kila inavyokatwa, asidi zaidi hutoka, na kazi huongeza kasi. Mtaalamu hakutia asidi yoyote. Mti umetoa yake. Baada ya dakika chache sehemu kubwa ya hemiselulosi imekwisha kuyeyuka katika maji. Waya wa kufungia umekatika.

Wakati huo huo lignini inalainika kama nta karibu na moto. Hutembea, hukusanyika, na mtambo ukipoa huganda kama matone madogo juu ya nyuzi. Haikutoka, ila imehama, na ilipokuwa pamebaki nafasi. Selulosi, ambayo ni ngumu kuliko vyote, hubaki karibu nzima. Kisha vali hufunguliwa. Kanieneo hushuka kwa nukta moja, maji yaliyomo ndani ya kibanzi hugeuka mvuke mara moja, na kibanzi hupasuka. Kinachotoka ni majimaji mazito ya kahawia yaliyojaa nyuzi, yenye harufu ya siki na ya sukari iliyoanza kuungua.

Wengi hulifananisha jambo hili na bisi, na mfano huo ni mzuri kwa kiasi chake. Punje ya mahindi nayo hupasuka kwa sababu maji yaliyomo ndani yamepata moto katika ganda lisilotaka kufunguka. Hata hivyo mfano usitupoteze. Katika bisi mlipuko ndio kazi yenyewe. Katika mti sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa na joto na asidi kabla vali haijafunguliwa. Mlipuko husaidia kuvivunja vibanzi na kuvitoa chomboni, lakini kishindo kikubwa si dalili ya matayarisho mema. Mti usioiva ukilipuliwa hubaki mti usioiva, ila umevunjika vipande.

Mti ukitayarishwa vizuri, vimeng'enya ambavyo hapo awali havikuweza kugeuza hata sehemu moja ya tano ya selulosi huweza kugeuza sehemu 80 hadi 90 katika 100.

Kati ya ubichi na kuungua

Mpishi wa wali anajua kwamba kuna muda mfupi baina ya wali mbichi na wali ulioungua. Ndivyo ilivyo kwa mti. Mvuke ukiwa hafifu, au muda ukiwa mfupi, hemiselulosi haikatiki vya kutosha na mlango hubaki umefungwa. Mvuke ukizidi, sukari zilizokwisha kutoka katika hemiselulosi huanza kuharibika. Hugeuka kuwa furfurali na jamaa zake, na lignini nayo hutoa vipande vinavyofanana na dawa za kuulia vijidudu. Hasara ni mara mbili: sukari imepotea, na kilichotokana nayo ni sumu kwa hamira ambayo ndiyo itakayotakiwa kutengeneza alkoholi. Hamira inayotiwa katika maji ya mti ulioungua hudumaa au hufa.

Kwa hiyo swali la kila siku la mtaalamu ni hili: joto kiasi gani, kwa dakika ngapi? Mwaka 1987 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Kanada, R. P. Overend na E. Chornet, walitoa kanuni inayounganisha mambo hayo mawili katika tarakimu moja ya kupimia ukali wa upishi. Kwa maneno ya kawaida, kanuni hiyo inasema kwamba kila joto likiongezwa nyuzi 10, kila dakika hufanya kazi ya karibu dakika mbili. Mti uliopikwa dakika 10 kwa nyuzi 200 umepata ukali ulio sawa na mti uliopikwa dakika 5 kwa nyuzi 210. Ukiongeza nyuzi 10 nyingine, dakika mbili na nusu zinatosha.

Kanuni hii ni ya manufaa makubwa, lakini inaficha hatari. Kwa nyuzi 220 tofauti ya dakika moja tu ni jambo zito. Nje ya kibanzi huweza kuungua ilhali kiini chake bado kibichi, hasa kama vibanzi havilingani kwa ukubwa au kwa maji yaliyomo. Maabarani mtu hutumia gramu chache zilizochaguliwa. Kiwandani huja malori yenye vibanzi vikubwa kwa vidogo, vibichi kwa vikavu, pamoja na mchanga na mawe. Ugumu mwingi wa njia hii umelala hapo.

Mkaratusi na msonobari

Miti haifanani. Mkaratusi, kama ilivyo miti mingi yenye majani mapana, una vipande vingi vya kutoa asidi ya siki katika hemiselulosi yake. Huo hupikika kwa mvuke peke yake, kwa kawaida kati ya nyuzi 190 na 215. Msonobari na jamaa zake wa miti ya mbegu-koni wana vipande hivyo vichache, na lignini yao ni nyingi zaidi na sugu zaidi. Kwa miti hiyo mvuke mtupu hautoshi. Huko Sweden, ambako misitu mingi ni ya miti ya aina hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund wamefanya kazi kwa miaka mingi wakivifukiza vibanzi kwa gesi ya salfa dioksidi kabla ya kuvitia mvuke, ili kuongeza asidi ambayo mti hauna.

Mtu angeweza kusema basi tuuchague mkaratusi. Lakini hakuna masika yasiyo mbu. Sukari iliyo nyingi katika hemiselulosi ya mkaratusi huitwa zailosi, na hamira ya kawaida, ile ya mkate na ya bia, haiwezi kuila. Kwa hiyo huhitajika hamira zilizobadilishwa maabarani. Hemiselulosi ya msonobari ina zaidi sukari iitwayo manosi, ambayo hamira ya kawaida huipenda bila shida. Mti ulio mwepesi kufunguka una sukari ngumu kuchachusha. Mti ulio mgumu kufunguka una sukari nyepesi. Anayepanga kiwanda hana budi kuchagua taabu yake mapema.

Hesabu ya tani moja

Ni vema sasa tupige hesabu. Tuchukue tani moja ya mkaratusi, uzito ukipimwa bila maji, na tuseme ina kilo 450 za selulosi, kilo 200 za hemiselulosi, kilo 260 za lignini, na zilizobaki ni vitu vingine vidogo vidogo. Selulosi inapokatwa huchukua maji kidogo, hivyo kilo 450 hutoa kilo 500 za glukosi. Hamira hugeuza glukosi kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi, na alkoholi haiwezi kuzidi sehemu 51 katika 100 za uzito wa sukari. Hizo ni kilo 255, au lita 320 hivi. Huo ndio mpaka uliowekwa na maumbile. Tukikubali kwamba vimeng'enya vitafungua sehemu 80 katika 100 na hamira itafikia sehemu 90 katika 100 za uwezo wake, tutapata kama lita 230. Kwa kuwa lita moja ya alkoholi ina nishati ya kama theluthi mbili za lita ya petroli, tani yetu ya mti imetoa kitu kilicho sawa na lita 150 za petroli.

Tumetumia nini? Kama tani hiyo ilikuja na tani nyingine ya maji ndani yake, jambo la kawaida kwa mti uliokatwa karibuni, kuipasha hadi nyuzi 200 huhitaji kiasi cha nusu tani ya mvuke, bila kuhesabu joto linalopotea. Kama mti ungekuwa mkavu kabisa, kiasi cha kilo 140 kingetosha. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mvuke huenda katika kupasha maji yaliyokuja na mti, wala si mti wenyewe. Kisha kuna kukeneka. Kama maji yaliyochachuka yana alkoholi iliyo chini ya sehemu 4 katika 100 kwa uzito, joto la kuitenga hupanda sana na faida huyeyuka.

Hapa lignini, ambayo mpaka sasa imekuwa adui, inageuka rafiki. Haiwezi kuwa sukari, lakini inawaka vizuri kuliko kuni. Kilo 260 zilizobaki katika tani yetu zina joto la kama mara 6 ya lile lililotumika kuipasha tani hiyo pamoja na maji yake. Kiwanda kinachoichoma lignini katika boila yake kinaweza kujitosheleza kwa mvuke wa kupikia na kwa sehemu kubwa ya mvuke wa kukenekea. Kiwanda kinachoitupa, huku kikinunua mafuta ya kuchochea boila, kinabadilisha fueli moja kwa nyingine na kupata hasara kati yake.

Mafunzo kutoka viwandani

Yapo mambo ya kujifunza kwa waliotangulia. Huko Örnsköldsvik, kaskazini mwa Sweden, mtambo wa majaribio wa kutengeneza alkoholi kutokana na mbao ulifunguliwa mwaka 2004, na umetumika kwa utafiti wa kati ya maabara na kiwanda. Huko Crescentino, Italia, kiwanda kikubwa kilifunguliwa mwaka 2013. Malighafi yake ilikuwa mabua na matete, si mbao, lakini matayarisho yake yalikuwa ya mvuke bila asidi ya kuongezwa. Mwaka 2017 kilisimama, kampuni iliyokimiliki ikiwa katika matatizo ya fedha. Mwaka 2018 kilinunuliwa na kampuni nyingine, na uzalishaji ukaanza tena mwaka 2022. Huko Podari, Romania, kiwanda kingine cha mabua kilianza kuzalisha mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka 2023 wenyewe wakatangaza kukifunga.

Msomaji asichukulie kwamba sayansi ilikosea. Selulosi ilifunguka kama ilivyotarajiwa. Kinachosumbua viwanda vya namna hii ni mambo ambayo hayaonekani katika chupa ya maabara: kukiingiza kitu kikavu na kikwaruzaji katika chombo chenye kanieneo kubwa usiku na mchana bila kuziba, bei ya vimeng'enya, bei ya kukusanya malighafi iliyotawanyika, na bei ya petroli ambayo hupanda mradi unapopangwa na kushuka mradi unapoanza.

Nasi je?

Katika Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, Tanzania, ipo misonobari na mikaratusi inayopasuliwa mbao kila siku. Kila gogo linalopasuliwa huacha magome, maranda na unga wa mbao. Masalio hayo yamekwisha kukusanywa mahali pamoja na gharama ya kuyasafirisha imekwisha kulipwa na mbao. Iwapo njia ya mvuke itakuwa na mahali pa kuanzia katika nchi zetu, ni penye masalio kama hayo, si kwa kukata msitu kwa ajili yake.

Tena si lazima kuanza na alkoholi. Mvuke ule ule hutumika kutengeneza vidonge vya kuni. Vibanzi hupikwa, hulipuliwa, hukaushwa na kushindiliwa, na lignini iliyohama huwa gundi yake. Vidonge hivyo ni vyeusi, havilainiki upesi vikinyeshewa, na husagika kama makaa ya mawe. Havihitaji vimeng'enya wala hamira, na sukari chache zikiungua si msiba. Katika nchi ambazo kaya nyingi bado hupikia kuni na mkaa, na ambamo tanuri la udongo kwa kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za mti, jambo hilo lastahili kupimwa na wahandisi wetu kwa makini.

Siku itakapofika ambapo mtambo wa alkoholi ya mbao utapendekezwa kwetu, na wauzaji wa mitambo hawakosekani, wanaokaa mezani wakiwakilisha wananchi waulize maswali manne. Mti upi, na una maji kiasi gani unapofika mlangoni? Vimeng'enya vitatoka wapi, na kwa bei gani? Lignini itafanya kazi gani? Na je, mtambo huo umepata kufanya kazi mwaka mzima, kwa mti wa aina yetu, penye mchanga na mvua kama za kwetu? Mwenye majibu ya maswali hayo yote, yaliyopimwa kwa tarakimu, anastahili kusikilizwa. Asiye nayo aombwe arudi maabarani, na kwa sasa unga wa mbao utumike kwa kazi iliyo nyepesi zaidi.